Ndege Kubwa Huanza Kutua Ikiwa Namanga

Msikilizaji, asubuhi yoyote isiyo na mawingu, mtu aliyesimama Kitengela kando ya barabara ya Namanga huweza kuona ndege za aina mbili bila kuhama alipo. Upande mmoja, kuelekea Olooloitikosh uliko uwanja mdogo wa Orly, zinazunguka Cessna za mafunzo: injini moja, panga moja mbele, mwanafunzi kushoto, mwalimu kulia. Akigeuza uso kaskazini, juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, anaona ndege za abiria zimejipanga mstari mmoja, magurudumu yameshushwa, zikielekea uwanja wa Embakasi. Kati ya ndege hizo na zile pana kilomita chache za hewa. Kati ya rubani wa hii na rubani wa ile pana miaka, pana fedha nyingi, na pana chumba kimoja kisicho na dirisha la kweli ambacho kila anayevuka hupitia humo. Chumba hicho ni simuleta.

Mazungumzo ya leo yanahusu kinachompata rubani wa ndege ndogo anapoketi katika simuleta ya ndege ya abiria kwa mara ya kwanza. Ni jambo linalowahusu vijana wengi wanaoruka juu ya Kajiado kila siku, na linawahusu pia abiria, kwa sababu makosa yanayofanyika ndani ya chumba hicho hayaui mtu.

Kwa nje simuleta haina sura ya ndege. Ni sanduku kubwa lililobebwa na miguu sita ya chuma inayorefuka na kufupika, ndani ya jengo lenye dari ya juu sana. Ukivuka daraja dogo na mlango ukafungwa nyuma yako, unakuta chumba kamili cha marubani: viti viwili, swichi zilezile, taa zilezile, mngurumo uleule wa hewa inayosukumwa ndani. Mbele, picha pana iliyopinda inaonyesha uwanja wowote ambao mwalimu ameuchagua, mchana au usiku, ukiwa na mvua au ukungu. Simuleta ya daraja la juu kabisa, daraja D, hugharimu mamilioni ya dola. Inaaminika kiasi kwamba rubani mzoefu wa ndege kubwa anaweza kufunzwa aina nyingine ya ndege humo ndani tu, na mara ya kwanza anapoirusha ile ya kweli tayari ina abiria, mkufunzi akiwa kando yake.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1929, wakati Florence Kerr Wilson alipokuwa akianzisha Wilson Airways jijini Nairobi, kampuni ya mama ambaye jina lake lilikuja kupewa uwanja wa Wilson mwaka 1962, kijana mmoja wa Binghamton katika jimbo la New York alikuwa akimalizia sanduku la mbao lenye mabawa mafupi. Aliitwa Edwin Link. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda vikubwa vya kupuliziwa hewa, na Link alichukua mivukuto ya vinanda hivyo akaifanya iinamishe na kuinua sanduku kufuatana na usukani. Mwanzoni wanunuzi walikuwa wenye viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa katika majuma machache kwa kuruka ndani ya mawingu wasiyoyazoea. Hapo ndipo jeshi liliponunua masanduku 6 ya Link. Vita Kuu ya Pili ilipoisha, mamia ya maelfu ya wanahewa walikuwa wamejifunzia humo.

Namna simuleta ya leo inavyomdanganya mwanadamu inastahili kuelezwa kidogo, maana tutairudia. Miguu ile sita haiwezi kulikimbiza sanduku mita 2,000 mbele ili rubani ahisi ndege inashika kasi. Badala yake, inaliinamisha sanduku nyuma taratibu huku picha mbele ikionyesha njia ya kurukia imelala sawa. Mgongo wa rubani unakandamizwa kitini, macho yanaona lami ikipita mbio, na sikio la ndani, ambalo ndilo kipimo cha mizani ya mwili, haliwezi kutofautisha kuinama na kukimbizwa. Linakubali. Akikanyaga breki, sanduku linainama mbele, naye anaapa kwamba amesimamishwa ghafla.

Sasa tumchukue rubani wa mfano. Ana leseni ya kibinafsi, ile inayoanzia saa 40 za kuruka, na anakusanya saa kuelekea 200 za leseni ya biashara. Cessna 172 anaifahamu vizuri. Anaijua hewa nyembamba ya nyanda zetu za juu: Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari, na injini yake hupungukiwa na nguvu tangu kabla hajaanza kukimbia, kwa hiyo amefundishwa kupunguza petroli katika mchanganyiko wake na hewa, na kutoamini kwamba ndege itapanda upesi mchana wa jua kali. Anajua pia kutafuta mahali pa kutua injini ikizima. Zamani mbuga ya Kitengela ilikuwa uwanda mtupu na jibu lilikuwa popote. Siku hizi uwanda umekatwa ploti, umejaa nyua na nyaya, na mwanafunzi hulazimika kutazama chini kwa makini zaidi kabla ya kusema "pale".

Mwalimu anamweka kwenye kiti cha kushoto cha Boeing 737-800, mwanzoni mwa njia ya kurukia namba 06 ya Embakasi. Mbele yake pana zaidi ya mita 4,000 za lami, urefu uliohitajika kwa sababu hiyohiyo ya hewa nyembamba. Cessna yake ikiwa imejaa ina uzito wa kilo 1,100 na kitu. Hii ikijaa kabisa inafika tani 79. Anavisukuma vishikio vya injini mbele, sanduku linafanya hila yake, naye anasukumwa kitini. Mpaka hapo yote yanampendeza.

Kisha mambo yanaanza kumpita. Katika Cessna alizoea kuinua pua kwenye kilomita 100 na kitu kwa saa. Hapa inamlazimu kungoja hadi zaidi ya 250, na kungoja kunamtia wasiwasi. Pua inapoinuka, inaendelea kuinuka, kwa sababu ameivuta kwa nguvu ya mkono mzima. Anairudisha chini, inashuka mno. Anaivuta tena. Karibu na goti lake gurudumu jeusi lenye mstari mweupe linazunguka kwa kishindo, likisimama, likizunguka tena. Hata Cessna ina gurudumu dogo la namna hiyo, la kuondoa uzito wa usukani mkononi, lakini lake halizunguki mpaka yeye alizungushe. Hili linajizungusha lenyewe. Anapogutuka kutazama kimo, amekipita kile alichoambiwa akomee, na kasi imezidi mpaka mwalimu anamkumbusha kwamba magurudumu bado yako nje na flapu hazijakunjwa.

Walimu wa simuleta hawashangai. Mikono ya rubani wa ndege ndogo haina kasoro. Anachokosa ni kuishi dakika kadhaa mbele ya ndege. Katika Cessna, ukiona uko juu mno unapunguza moto, na ndani ya nusu dakika umerekebisha. Kosa na dawa yake vinakaa jirani. Katika ndege kubwa vinakaa mbali, na hakuna mahali panapoonyesha hilo kama safari ya kushuka kutoka kusini kuja Nairobi.

Hebu tupige hesabu. Marubani wa ndege za abiria hukadiria kilomita 5 na nusu hivi za mwendo kwa kila futi 1,000 za kushuka. Ndege iliyo futi 35,000 inataka kufika Embakasi, iliyo futi 5,330. Ina futi 30,000 za kumaliza, yaani kilomita 165. Inayotoka Johannesburg basi inapaswa kuanza kuteremka kabla ya kukanyaga mpaka, Namanga ikiwa mbele yake kidogo. Ikifika juu ya mji wa Kajiado iwe imebakiwa na futi 10,000 na ushei juu ya uwanja. Isinya, 7,000 hivi. Rubani wetu anayefanya zoezi hili kwa mara ya kwanza anakaa akitazama vioo vizuri vya rangi, Namanga inapita, Bissil inapita, na anapoanza kushuka tayari amechelewa kwa umbali ambao matatu ingeuchukua nusu saa na zaidi. Anarudisha vishikio vya injini nyuma kabisa. Ndege inateremka kwa kuteleza tu, na akiielekeza pua chini zaidi inashika kasi badala ya kutulia. Ni mwendesha bodaboda wa Kitengela aliyekabidhiwa trela la saruji linaloteremka kuelekea Athi River: breki zipo, ila uamuzi wa kuzikanyaga ulitakiwa kilomita kadhaa nyuma.

Ugumu mwingine uko kwenye injini zenyewe. Injini ya Cessna hujibu papo hapo. Injini ya jeti iliyorudishwa chini kabisa inaweza kuchukua mpaka sekunde 8 kurejesha nguvu za kuipandisha ndege tena, na mita chache juu ya ardhi, sekunde 8 ni muda mrefu mno. Ndiyo maana mashirika hudai ndege iwe imetulia, kasi sahihi, magurudumu nje, injini zikivuma, ikiwa bado juu ya futi 500 au 1,000. Isipotulia, kapteni haruhusiwi kujaribu bahati. Huinuka na kuzunguka upya. Kwa kijana aliyezoea kuokoa kutua kwa ustadi wa dakika ya mwisho, sheria hiyo huonekana ya woga. Saa moja ndani ya simuleta humbadilisha mawazo.

Kisha kutua kwenyewe. Picha ya njia ya 06 inakua mbele, mbuga chini, daraja refu la reli ya kisasa likikatiza. Kasi ni kilomita 260 kwa saa kwenye kipimo, lakini kwa wembamba wa hewa yetu mwendo wa kweli uko karibu na 285. Sauti ya mtambo inahesabu futi zilizobaki: hamsini, arobaini, thelathini, ishirini. Kwenye ishirini ndipo anatakiwa kuinua pua nyuzi mbili au tatu tu. Macho yake, yaliyofundishwa katika ndege ambayo kiti kiko karibu na ardhi, yanamwambia bado yuko juu. Magurudumu makuu yako zaidi ya mita 15 nyuma yake na chini yake, nayo yanagusa lami kabla hajaamini kwamba amefika. Sanduku linatikisika. Wengine hufanya kinyume: huinua pua mapema na kwa wingi kama katika Cessna, na ndege inaelea, mita mia kwa mia za lami zikiisha chini yake.

Lakini si haki kumwonyesha rubani huyu kama mtu asiyeleta kitu. Mwaka 1983, tarehe 23 Julai, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000, kwa sababu mafuta yalihesabiwa kwa ratili mahali palipotakiwa kilo. Kapteni Bob Pearson alikuwa mrushaji wa ndege zisizo na injini wakati wa mapumziko yake. Alipokaribia uwanja wa zamani wa kijeshi wa Gimli akajikuta yuko juu mno, bila injini za kumpa nafasi ya pili. Akafanya kile ambacho hakuna kitabu cha ndege kubwa kilichomfundisha: aliinamisha bawa upande mmoja, akakanyaga pedali ya upande wa pili, ndege ikaenda ubavu-ubavu ikipoteza kimo bila kuongeza kasi. Watu wote 69 walitoka hai. Mbinu hiyo hufundishwa kila juma katika viwanja vidogo vya dunia nzima, Kajiado ikiwamo. Rubani wa Cessna anayeingia kwenye simuleta huja na hisia hiyo ya upepo na ardhi, na mwalimu mwema hamvunji moyo nayo.

Isipokuwa usiku. Hapo mwalimu huzima jua, na sehemu hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, msikilizaji, kwa sababu imeandikwa kwa maisha ya watu wetu.

Tarehe 30 Januari 2000, Airbus A310 ya Kenya Airways ilipaa kutoka Abidjan usiku, ikielekea baharini. Mara tu ilipoiacha ardhi, onyo la kwamba mabawa yanapoteza nguvu ya kuibeba ndege likalia. Halikuwa onyo la kweli. Aliyeshika usukani alifanya kile ambacho rubani yeyote hufundishwa afanye kwa onyo hilo: aliielekeza pua chini. Bahari ilikuwa chini kidogo tu, na giza lilikuwa totoro. Sekunde 33 baada ya kupaa ndege ilikuwa majini. Waliokufa ni 169, waliopona 10.

Miaka saba baadaye, usiku wa tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya shirika hilohilo ilipaa Douala katika giza baada ya mvua kubwa. Ripoti rasmi ya Cameroon inaeleza kwamba ndege ilianza kulalia kulia polepole, bila mtu kuigeuza; kulikuwa na mkanganyiko kuhusu kama otopailoti, mtambo unaoiongoza ndege wenyewe, ilikuwa imeshika kazi; na kwa karibu dakika nzima hakuna aliyekuwa akiiongoza. Onyo lilipolia, kapteni aliizungusha kwa vurugu, kuzidi upande uleule. Watu wote 114 walikufa katika kinamasi cha mikoko, kilomita chache kutoka uwanjani. Wachunguzi walisema marubani walipoteza mwelekeo gizani na hawakuwa wakisoma vipimo.

Hapa turudi kwenye hila ya sikio. Udhaifu uleule unaoiwezesha simuleta kumdanganya rubani ndio uliohusika Douala: sikio la ndani halihisi mgeuko wa polepole. Kijana aliyejifunza juu ya Kitengela, Ngong ikiwa upande huu na mstari wa upeo wa macho ukiwa umenyooka mpaka Kilimanjaro siku njema, amelelewa na macho yake. Mwalimu wa simuleta anamzimia taa za dunia, anailaza ndege taratibu mno, kisha anamuuliza: "Iko sawa?" Rubani anajibu iko sawa. Kisha anaangalia kipimo mbele yake. Somo hilo ni vigumu kulitoa angani bila hatari, na ndani ya sanduku linaweza kurudiwa mpaka jicho lizoee kukimbilia kipimo kabla mwili haujatoa maoni yake.

Jambo la pili analolikosa rubani wa ndege ndogo usiku huo ni mwenzake. Amezoea kuwa peke yake au na mwalimu anayesahihisha. Ndege ya abiria huendeshwa kwa maneno: mmoja anashika, mwingine anatazama na kutaja anachokiona, na kila swichi muhimu inatamkwa na kujibiwa. Abidjan na Douala, sekunde zilipotea kati ya viti viwili. Katika simuleta wageni wengi hunyamaza wanapozidiwa, na mwalimu huwalazimisha waseme, kwa kuwa kapteni hawezi kumsaidia mtu bila kujua kwamba amezidiwa.

Simuleta nayo isipewe utukufu usio wake. Boeing 737 MAX ilipoanza kazi, marubani wengi wa 737 za zamani walihamia humo kwa somo fupi la kwenye kompyuta kibao, bila simuleta. Ndege ya Lion Air ya aina hiyo ilianguka tarehe 29 Oktoba 2018, wakafa watu 189. Ethiopian Airlines 302, iliyokuwa ikija hapa Nairobi, ikaanguka tarehe 10 Machi 2019 na watu 157, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Lile gurudumu la karibu na goti ndilo lililozunguka lenyewe, mtambo ukiisukuma pua chini. Mnamo Mei 2019 Boeing ilikiri kwamba programu za simuleta za ndege hiyo hazikuweza kuonyesha sawasawa baadhi ya hali, na mwezi Januari 2020 ndipo ilipopendekeza marubani wote wa MAX wafunzwe katika simuleta. Mashine huonyesha yale tu ambayo mtengenezaji ameyaweka ndani yake.

Na kuna muda wa kushangaa, ambao sanduku pekee haliujui. Airbus ya US Airways ilipopigwa na ndege wa porini New York tarehe 15 Januari 2009 na kutua katika mto Hudson, wachunguzi walijaribu katika simuleta kama ingeweza kurudi uwanjani. Marubani wa majaribio waliogeuka papo hapo, baadhi yao walifika. Katika jaribio lililoongezewa sekunde 35, muda wa mwanadamu kutambua lililompata na kuamua, ndege haikufika.

Swali ambalo watu huuliza kila mara ni hili: rubani wa Cessna, akilazimika, angeweza kutua na ndege ya abiria? Tuna mifano miwili ya kuweka mezani. Siku ya Pasaka ya mwaka 2009 huko Florida, Doug White, mwenye leseni ya Cessna, alimwona rubani wa King Air ya injini mbili akifa kitini. Waongoza ndege walimpa maelekezo hatua kwa hatua kwa redio, naye akatua salama Fort Myers na familia yake. Miaka minne kabla yake, tarehe 14 Agosti 2005, katika Boeing 737 ya Helios iliyotoka Cyprus, hewa ilipungua ndani ya ndege hadi marubani wakapoteza fahamu. Mhudumu mmoja, Andreas Prodromou, alikuwa na leseni ya ndege ndogo. Alifika kwenye kiti wakati mafuta yanakwisha, na watu wote 121 walikufa. Wote wawili walikuwa na mikono inayojua kuruka. White alikuwa na mafuta, sauti redioni na muda. Prodromou alikuwa na dakika chache.

Sasa turudi nyumbani. Irene Koki Mutungi alianza kuruka Wilson, akaajiriwa na Kenya Airways mwaka 1995 akiwa mwanamke wa kwanza kurusha ndege zake, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Njia kutoka Cessna hadi 787 ipo na imepitiwa. Ila kwa kijana wa kawaida, mafunzo ya aina moja ya ndege ya abiria hugharimu maelfu mengi ya dola, mara nyingi nje ya nchi. Matokeo yake, wengi humaliza saa 200 za leseni ya biashara bila kuketi hata mara moja katika kiti hicho, na mtu hawezi kujiandaa kwa kitu ambacho hajawahi kukiona.

Wapo pia wale ambao hawataki kamwe kurusha ndege kubwa. Hao nao wanakihitaji kiti hicho, na sababu iko juu ya mbuga inayopakana na Kitengela. Tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria iliyokuwa ikienda Diani na watu 44 ziligongana angani muda mfupi baada ya ile kubwa kupaa kutoka Wilson. Dash 8 ilirudi salama. Cessna iliangukia ndani ya mbuga, mwanafunzi na mwalimu wake wakafa. Ndege mbili zinazokuja uso kwa uso, moja kwa kilomita 460 kwa saa na nyingine kwa 185, hukaribiana kwa mita 180 kila sekunde. Zikiwa kilomita 3 mbali, zimebakiwa na sekunde 17 hivi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani hukadiria kwamba rubani anahitaji sekunde 12 na nusu kuiona ndege nyingine, kuitambua, kuamua, na ndege yake kuanza kugeuka. Mwalimu wa simuleta anaweza kuiweka Cessna ndogo mbele ya dirisha la 737, dhidi ya rangi ya majani makavu, na kumwambia rubani wa Cessna aitafute. Ataiona ikiwa imechelewa. Akitoka humo, atapiga ripoti yake ya mahali alipo kwenye redio bila kukumbushwa, na hatasahau tena kuwasha kifaa kinachoiwezesha mitambo ya ndege kubwa kumwona.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya na shule za Wilson na Orly zina nafasi ya kuliweka jambo hili katika mtaala wa leseni ya biashara kwa saa chache tu, hata katika simuleta nafuu isiyo na miguu ya kutikisika, kwa malipo ya pamoja ambayo shule moja peke yake haiyawezi. Saa ya kwanza iwe ya kushuka kutoka Namanga hadi njia ya 06, mwanafunzi akipiga hesabu kwa kichwa kila anapopita mji. Ya pili iwe ya usiku, juu ya maji, mwalimu akiilaza ndege polepole bila kusema. Ya tatu aketi kiti cha kulia, amwangalie mwenzake akirusha, na kazi yake iwe kutaja kwa sauti kila anachokiona kinakwenda kombo.